Nguvu za Kasulu, Mkonge wa Korogwe

Mjukuu wangu anasoma uchumi chuo kikuu. Juzi kaniuliza, "Babu, si watu wa Kigoma wenyewe ndio hawataki maendeleo?" Nikamwambia akae chini.

Baba yangu alitoka Kasulu, mkoani Kigoma, kwa miguu hadi kituo cha treni, akapakiwa pamoja na wenzake kwenda kukata mkonge Korogwe, mkoani Tanga. Nimeutafuta mwaka wenyewe kwenye kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, wino umefutika. Vita ya Hitler ilikuwa imekwisha, yatosha.

Mimi nilizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge. Kinachonijia kwanza ni harufu ya korona, kiwanda cha kusindika mkonge: maji ya kijani yaliyochacha, yakielekea mtoni, harufu yake ikiganda kwenye shuka, kwenye ugali, kwenye nywele za mama. Halafu duka. Mwenye duka alikuwa mzee mpole, alitujua watoto wote kwa majina, naye alikuwa na daftari la madeni lenye jalada jeusi. Sukari aliifunga kwenye gazeti, mafuta ya taa aliyapima kwa kopo, na mashati ya kaki yalining'inia mlangoni. Kipande kilipotimia siku 30, wanaume walipokea mshahara, wakapitia dukani kulipa deni. Kilichobaki ndicho kilichofika Kasulu: kanga, blanketi, basi.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Wachumi husema reli huleta neema. Kwetu ilisomba vijana. Wakoloni waliuhesabu mkoa ule kuwa ghala la vibarua, hawakuuhimiza kulima zao la maana la biashara, maana mwenye kahawa yake angekwenda kukata mkonge wa nani? Mashamba ya nyumbani yakabaki kwa wanawake na wazee. Fedha ya mkonge ikajenga bandari na majumba ya Tanga.

Mwaka 1964 nchi ilivuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba yakamezwa na vichaka, Tanga nayo ikasinyaa. Dar es Salaam ikachukua kila kitu.

Leo naona ramani za umaskini, Kigoma imepakwa rangi nzito, na hakuna anayeeleza rangi hiyo ilitoka wapi. Inaniudhi. Gridi ya taifa imefika Kasulu juzijuzi tu! Watu waliojenga utajiri wa mkoa mwingine kwa mapanga yao hawawezi kuitwa wavivu. Wanaidai nchi hii, na deni lao lilipwe kwa barabara, viwanda na shule, tena mapema.