Nyaya za Land Rover ya mzee

Wasomaji wangu, leo tuache kompyuta kidogo. Kwa wiki sita jioni zangu zimeishia chini ya dashibodi ya Land Rover Series IIA ya mwaka 1969, mali ya baba yangu, na nimejifunza mengi kuliko kwenye semina yoyote ya programu.

Mzee hubeba viazi kutoka Kinangop hadi Naivasha, na mara nyingi hurudi usiku penye ukungu. Taa zilikuwa hafifu, na harufu ya plastiki ikiungua ilikuwa imeanza kusikika kila akiwasha waipa. Nikamwambia, "Baba, hili gari litaungua nawe ndani." Akanijibu, "Limenisomeshea watoto watano, halijaungua bado. Wewe shughulika na kompyuta zako." Ilibidi mama aingilie kati. Masharti ya mzee: swichi zote zibaki pale pale, na dainamo isiguswe.

Basi nikafungua. Jamani! Waliopita kabla yangu walikuwa wameongeza waya juu ya waya. Kulikuwa na waya wa nyumba, ule mgumu wa uzi mmoja, ambao kwenye gari linalotikisika hukatika ndani bila wewe kuona. Fyuzi moja ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya paketi ya sigara. Waya wa honi ulikuwa umepita kwenye tundu la bati bila mpira, na ngozi yake imelika hadi shaba inaonekana. Ukiwahi kurithi programu iliyoandikwa na watu saba ambao hawakuacha hata mstari mmoja wa maelezo, unaijua hali hiyo.

Kilichoniokoa ni rangi. Magari ya Uingereza ya miaka ile yalifuata utaratibu mmoja: kahawia ni umeme unaotoka kwenye betri bila kupita kwenye fyuzi, nyeupe hutoka kwenye swichi ya injini, kijani ni ule uliokwisha kupita kwenye fyuzi, bluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni ardhi. Bluu yenye mstari mweupe ni taa za juu, yenye mstari mwekundu ni za chini. Rangi zilikuwa zimefifia, lakini ukivua tepu na kupangusa kwa spiriti zinarudi.

Sasa hesabu, kwa wale wanaozipenda. Taa mbili za wati 60 kwa volti 12 zinataka ampea 10. Kwenye gari hili ampea zote 10 zilipita ndani ya swichi ya dashibodi, zikashuka hadi swichi ya mguu, ndipo zikaenda mbele, na hakuna fyuzi njia nzima. Nilipima volti 12.5 kwenye betri na 10.3 kwenye balbu. Utadhani hiyo ni hasara ndogo? Mwanga wa balbu ya uzi hushuka kwa kasi kuliko volti, na kwa tofauti hiyo unabaki na karibu nusu tu. Mzee alikuwa akiendesha kwa nusu taa na kulaumu macho yake.

Dawa yake ni rilei. Swichi ya zamani inabaki kutoa amri tu, kwa mkondo mdogo sana, na rilei iliyo karibu na betri ndiyo inayofungua njia nene. Miguu yake imeandikwa namba: 30 huunganishwa na betri kupitia fyuzi, 87 na taa, 86 na swichi, 85 na ardhi. Nilinunua mbili kule Kirinyaga Road, ambako wengi bado huita Grogan, pamoja na waya wa nyuzi 28 za milimita 0.30 kila uzi. Muulize muuzaji akukatie ncha uhesabu nyuzi. Wengine huuza ngozi nene yenye shaba kidogo.

Ardhi ilinisumbua zaidi. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, fremu ni chuma, na metali hizo mbili zikikutana penye unyevu huliana. Nikaacha kuitegemea bodi na kupeleka waya mweusi wa kila taa hadi kwenye fremu yenyewe.

Nilibadilisha sehemu moja, nikaijaribu, ndipo nikaenda nyingine. Kabla ya kutia fyuzi niliweka balbu ya wati 21 mahali pake. Kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na hakuna moshi wowote. Nawaomba mafundi wote waige hili.

Kuhusu dainamo, sikuona sababu ya kugombana. Hutoa ampea 22, nami nikijumlisha taa, waipa na koili napata kama 18. Injini ikinguruma taratibu haitoi karibu chochote, lakini mzee hasimami kwenye foleni za Nairobi.

Sasa volti kwenye balbu ni 12.1. Mzee aliendesha hadi Naivasha na kurudi, akaniambia tu kwamba honi siku hizi ina kelele mno. Kilichobaki ni mota ya waipa, ambayo bado inavuta umeme kuliko inavyostahili. Jumamosi naifungua.