Choo kinanuka? Angalia bomba kabla ya kununua dawa (Sehemu ya 6)

Mama, mtoto akikataa choo na kukimbilia nyuma ya nyumba, usimkaripie kwanza. Ingia wewe, uvute pumzi. Kama kinanuka, yeye hana kosa. Lakini kinyesi alichoacha huko nzi wanakileta kwenye uji wa mdogo wake, halafu tunakutana wodini, mtoto anaharisha.

Choo cha shimo lazima kipumue. Bomba litoke shimoni, lipite paa kwa nusu mita. Upepo ukipita juu yake unavuta ile harufu kwenda juu. Mdomoni funga wavu: nzi wa shimoni hufuata mwanga wa bomba, wanakwama, wanafia humo. Ndiyo maana ndani ya choo pawe na giza kidogo.

Tabora yetu ina miembe mingi, mingine ya tangu enzi za misafara. Tunaipenda. Ila tawi likifunika bomba, upepo haufiki. Kata tawi, mti uache.

Huna bomba? Funika tundu, nyunyiza majivu kila mnapotoka. Chenye bomba usikifunike, hewa inaingilia hapo.

Na kinyesi cha kichanga nacho ni kinyesi. Kitupe chooni, kisha nawa mikono kwa sabuni.