Kingo Nne na Tumbo la Katikati

Mistari minne imekwisha kuchorwa. Kila mmoja umepinda kwa namna yake, na ncha zake zimegusana na ncha za jirani zake, hata pakapatikana fremu tupu inayoelea katika giza la kioo cha kompyuta. Mchoraji anaigusa mistari hiyo mmoja mmoja, na kufumba na kufumbua wavu umetanda kutoka ukingo hadi ukingo. Katika programu ya AutoCAD wavu huo, usipoamriwa vingine, hugawika mara 6 upande mmoja na mara 6 upande wa pili: macho 36, mafundo 49. Ncha mbili zisipogusana, programu hukataa kazi. Zikigusana, haiulizi neno.

Na ilifaa iulize. Mchoraji amezitaja kingo tu. Habari za katikati hakuzitaja. Nani basi aliyezitaja?

Jibu lake lina jina la mtu. Steven Anson Coons alikuwa mwalimu wa uhandisi katika chuo cha MIT, Marekani, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa amefanya kazi ya kubuni nyuso za ndege. Mwaka 1967 alitoa ripoti ambayo wenzake katika fani wameizoea kwa jina la kitabu kidogo chekundu. Ndani yake mlikuwa na njia ya kuujaza uwazi ulio baina ya kingo nne.

Aliyewahi kuona kitanda cha kamba kikiwambwa ataielewa njia hiyo pasipo hesabu. Zichukuliwe kingo mbili zinazoelekeana, kila nukta ya ukingo huu iungwe na nukta mwenzake wa ukingo ule kwa kamba iliyonyooka. Uso wa kwanza umepatikana. Lakini haukuzijali kingo mbili zilizobaki. Basi ziwambwe nazo peke yake, na uso wa pili upatikane, nao haukuzijali zile za kwanza. Coons akazijumlisha nyuso mbili. Kwa kuwa sasa pembe nne zimehesabiwa mara mbili, akautoa uso wa tatu, uliofumwa kwa kamba zilizonyooka kutoka pembe hizo tupu. Kinachobaki huzigusa kingo zote nne bila ya kukosa hata moja. Kujumlisha mara moja na kutoa mara moja: hapana shaka ni miongoni mwa hesabu nzuri zilizopata kufanywa na mhandisi.

Sasa uchukuliwe mfano wa turubali la mraba, mita 4 kwa mita 4, pembe zake zote ziko chini. Tao la mbele na tao la nyuma yamepanda mita 2 katikati yake. Matao ya ubavuni yamepanda mita 1. Kilele cha paa kitakuwa wapi? Uso wa kwanza unasema mita 2, wa pili unasema mita 1, pembe zinasema sifuri. Jumla ni mita 3. Paa limepanda juu kuliko kila tao lililolishika! Hakuna mtu aliyeagiza mita 3, wala hazimo katika mstari wowote uliochorwa.

Matao hayo hayo yafanywe ya waya, yachovywe katika maji ya sabuni, na utando wa sabuni utatoa jibu jingine kabisa. Huo haupandi kamwe juu ya sehemu iliyo juu kuliko zote katika waya. Hujivuta, ukatafuta eneo dogo kabisa. Kingo ni zile zile, na matumbo ni mawili. Kwa hiyo si kweli kwamba ukingo huamua yaliyomo. Ukingo hufunga, kisha sheria fulani iliyochaguliwa na mtu fulani hujaza.

Washairi hawatalishangaa jambo hili. Aliyepata kumjibu mwenziwe kwa vina vile vile anajua kwamba kingo za ubeti alipewa, lakini yaliyo ndani yalimtoka mwenyewe. Wala si wachache ambao vina vyao vimetimia, mizani yao imetimia, na ndani hamna kitu.

Huko Ufaransa, katika viwanda vya magari, swali lilishikwa kwa mkono mwingine. Paul de Casteljau aliingia Citroën mwaka 1958, na kazi yake ikafichwa kama siri ya kampuni. Pierre Bézier wa Renault akachapisha ya kwake, na jina likawa la Bézier. (Mwaka 2012 de Casteljau alitunukiwa tuzo inayoitwa kwa jina la Bézier. Historia ina mizaha yake.) Kiraka chao kilichozoeleka huongozwa kwa nukta 16. Katika hizo, 12 ni za kingo, na 4 ni za tumbo peke yake. Nukta hizo 4 ndizo heshima aliyopewa mchoraji: hapa sema mwenyewe.

Mwenye turubali lake hakuwa na nukta hizo. Aliona mita 3 ni nyingi, akachora tao la tano, la mita 2, kutoka katikati ya ubavu huu hadi katikati ya ubavu ule, ili kulizuia paa lisipande. Programu ikatandaza nyavu mbili mahali pa mmoja, na kila mmoja ulikuwa na kingo nne halali. Lakini tumbo halikukubali kuzuiwa: mbele ya tao jipya paa lilipanda hadi karibu mita 2 na robo, nyuma yake vivyo hivyo, na juu ya tao lenyewe likashuka. Kiungo kilichokusudiwa kuwa mgongo kimekuwa mfereji, na kivuli chake kinaonekana waziwazi kila taa ya kioo inapogeuzwa. Coons aliijua aibu hiyo ya viungo. Ndiyo maana katika ripoti yake alitaka pia mwinamo wa uso uelezwe mahali unapovuka ukingo, usiishie ukingo peke yake. Amri ya kingo nne haina nafasi ya kuandikia mwinamo. Mchoraji akaufuta wavu wa mbele, akaufuta na wa nyuma, akabaki na matao yake matano na uwazi uliokuwapo mwanzo.