Hasi Nane

Mpwa wangu yuko Kidato cha Pili. Ukimwandikia mlinganyo wenye kipeo cha pili, umesimama peke yake kwenye karatasi, ataumaliza kabla yangu. Lakini swali hilohilo likija limevikwa maneno, kalamu inakwama. Jioni moja alinisogezea daftari akasema, "Mjomba, hesabu naijua. Sijui wanachouliza."

Nilimwelewa. Miaka saba ya shule ya msingi alisoma Hisabati kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari na somo lilelile likageuka Kiingereza. Tunasema upesi sana kwamba watoto hawa hawajui hesabu. Tukikaa nao mezani tutaona wengi wanakwama mlangoni, kwenye sentensi, hata hesabu yenyewe haijaanza. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Swali lake lilikuwa la kundi lililokodi gari, baadhi wasitokee, waliobaki wakaongeza pesa. Nilifunga kitabu. La namna hiyo lilishatupata sisi wenyewe, nikamsimulia.

Babu yake alipofariki kijijini, upande wa Korogwe, sisi tulikuwa Dar es Salaam. Usiku ule watu kadhaa tulikubaliana kukodi Hiace kwa shilingi 240,000, kila mtu atoe sawa na mwenzake. Alfajiri, muda wa kuondoka ulipofika, wanne hawakuonekana. Simu hazipatikani. Dereva hakutaka kusikia habari ya deni, basi tuliokuwepo tukaongeza 10,000 kila mmoja juu ya kile tulichokubaliana, gari likaondoka. Tulipanga kwenda watu wangapi?

Alinitazama kidogo, maana hakujua kwamba hesabu inaweza kuwa na babu yake ndani. Kisha akauliza, "Naanzia wapi?"

Hapo ndipo penye kazi yote. Unaanza kwa kukipa jina kile usichokijua. Tuite x idadi ya waliokubaliana usiku. Hujui ni ngapi, lakini tangu sasa unaishughulikia kana kwamba unaijua: unaigawanya, unaipunguza, unaiweka upande huu na upande ule. Nimeishi miaka mingi nikisubiri kwanza nijue ndipo nianze, kwa mambo ya kazi na hata ya ndoa, na karatasi ya mtoto imenionyesha njia nyingine.

Akaandika. Kila mmoja angetoa 240,000 kugawanya kwa x. Waliobaki ni x − 4, kwa hiyo kila mmoja alitoa 240,000 kugawanya kwa x − 4. Tofauti ya michango hiyo miwili ni 10,000. Akaondoa sifuri nne kila upande, 240,000 ikawa 24 na 10,000 ikawa 1. Akazidisha kuondoa sehemu, na ile hadithi ndefu ya alfajiri ikasinyaa ikawa mstari mmoja:

x² − 4x − 96 = 0

Alipofika hapo alikuwa nyumbani kwake. Namba mbili ambazo ukizizidisha unapata −96, ukizijumlisha unapata −4: ni −12 na 8. Basi (x − 12)(x + 8) = 0, yaani x ni 12, au x ni −8. Akaizungushia 12 duara, akaipiga −8 mstari. "Watu hawawezi kuwa hasi," alisema, kama alivyofundishwa.

Mwalimu wake yuko na wazee wakubwa katika hilo. Al-Khwarizmi, aliyeandika huko Baghdad katika karne ya 9 kitabu kilichotupa neno aljebra, alipokea majibu chanya tu. Mfano wake mashuhuri unasema: mraba na mizizi yake kumi ni sawa na dirhamu 39. Unagawa kumi kwa mbili, unapata tano. Tano mara tano ni 25. Ukiijumlisha na 39 unapata 64. Mzizi wake ni 8. Toa ile tano, jibu ni 3. Jibu la pili, −13, hakulitaja. Nadhani ni kwa sababu kitabu chake kilikuwa cha kazi za watu: sehemu kubwa yake ni hesabu za mirathi, na mrithi hapewi dirhamu hasi kumi na tatu. Tena alieleza yote kwa maneno matupu, bila x, bila alama ya kujumlisha. Kwake fumbo na mlinganyo vilikuwa kitu kimoja. Kile kinachomtisha mpwa wangu ndicho kilichokuwa aljebra yenyewe.

Ila si kila jibu chanya ni salama. Bhaskara, mwanahisabati wa India wa karne ya 12, aliuliza juu ya kundi la nyani: chukua sehemu moja ya tano ya kundi, punguza watatu, idadi hiyo izidishe kwa yenyewe, hao wameingia pangoni, nje anaonekana mmoja tu. Mlinganyo unatoa 50 na unatoa 5. Zote mbili ni chanya, zote mbili zinatimiza hesabu. Bhaskara akaikataa 5, kwa kuwa moja ya tano ya nyani watano ni nyani mmoja, na huwezi kutoa watatu kwa mmoja. Ilimbidi arudi kwenye hadithi. Mlinganyo haujui kwamba tunazungumza habari za nyani. Anayejua ni wewe uliyeuandika.

Nilimwambia mpwa wangu naye arudi kwenye hadithi, ahakikishe. Watu 12 kwa 240,000 ni 20,000 kila mmoja. Wakipungua wanne wanabaki wanane, 30,000 kila mmoja. Imekubali. Kisha, bila kumtuma, akageuza karatasi akaanza upya, safari hii akiwaita x wale waliobaki. Akapata x² + 4x − 96 = 0, na majibu yakatoka 8 na −12.

Alikaa kimya akilinganisha kurasa mbili. "Mjomba, ni zilezile. Zimebadilishana alama."

Nilivuta karatasi. Ile −8 aliyoikata, ukiivua alama yake, ni idadi ya watu tuliosafiri. Wala si bahati ya namba nilizochagua: mlinganyo wa namna hii, ukiuliza waliopanga, jibu lake la pili siku zote hubeba waliobaki, kwa upande wa chini ya sifuri. Nimeyafanya maswali haya tangu ujana wangu na kila mara nilikata jibu hilo bila kulitazama.

Lazima niseme jambo hapa. Wale wanne nawajua kwa majina. Ningeweza kukutajia ukiniamsha usingizini. Mmoja ni binamu yangu, na tangu msiba ule salamu yangu kwake ni ya mdomoni tu. Sikuwahi hata kumuuliza kilichomzuia alfajiri ile. Hesabu ya safari yetu niliiweka moyoni kwa upande wao peke yake, miaka yote hii.

"Hao wanane walikuwa akina nani?" mpwa wangu akauliza.

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mimi. Mama yake. Ami wawili. Shangazi. Rafiki wa marehemu wa kule kiwandani. Shemeji. Saba. Wa nane hakunijia akilini.

Nikampigia simu dada yangu. Hakufikiri hata kidogo. "Umemsahau yule mama wa maandazi, jirani yetu wa Magomeni? Alikaa kiti cha nyuma kabisa, amepakata ndoo ya maandazi ya njiani. Pesa yake alilipa kwa noti za mia tano mia tano, dereva akachoka kuhesabu."

Mpwa wangu alikuwa akisikiliza. Akachukua kalamu, akaandika jina la mama yule pembeni ya ile −8. Mimi nilikuwa bado na simu sikioni, nikimuuliza dada kama yule mama bado anaishi palepale.