Ile Taa ya Upande wa Goma



Mwezi wa pili mwaka 2025, hapa Rubavu, watoto wengi hawakupenda kuangalia juu usiku. Mnajua sababu. Goma na Gisenyi zimegusana, mpaka unapita katikati ya nyumba. Vita vilipofika Goma mwisho wa mwezi wa kwanza, mabomu mengine yalianguka huku Gisenyi na watu wakafa. Sisi vijana wa kujitolea kwenye kambi ya mpito ya Nkamira tulikuwa tunapanga foleni, tunatafsiri, tunabeba maji ya wazee. Usiku na sisi tulikuwa tunasikiliza.

Basi kila jioni, jua likizama, taa moja nyeupe ilikuwa inatokea magharibi, juu kabisa ya upande wa Goma. Kubwa, haipepesi, haisogei. Mtoto mmoja wa miaka minane hivi alitushika mkono akasema:

"Yaya, ile iko droni."

Tukamwambia ni nyota tu, asiogope. Akatuangalia kama watu waongo.

"Nyota haiwakake vile. Ile inatuangalia."

Kuanzia hapo akakataa kwenda chooni usiku. Mama yake akawa anamwekea ndoo ndani, ndoo ile ile ambayo ingekuwa ya maji. Halafu watoto wengine wakaanza kumfuata.

Sisi tulijua ile ni Zuhura, sayari ya pili kutoka kwenye jua. Lakini kujua wewe peke yako haisaidii mtu mwingine. Na tulikuwa na kitu: darubini ndogo, kioo cha milimita 114, ambayo mgeni mmoja alituachia aliporudi kwao. Shida yake ni kwamba mtu mmoja tu anaangalia, na mtoto anayeogopa hawezi kuweka jicho kwenye tundu la bomba. Tukaamua picha itokee kwenye kompyuta, wote waone pamoja.

Tulifanya hivi. Tulinunua webukamu ya zamani sokoni Gisenyi, bei ya sahani chache za chakula. Tukafungua lenzi yake ya mbele kwa kuizungusha, tukaitoa, kibaki kile kipande kidogo kinachopokea mwanga. Tukakata bomba la plastiki la maji la milimita 32, tukalipiga msasa mpaka likaingia mahali pa kuwekea jicho, tukabandika kamera nyuma yake kwa gundi. Darubini yenyewe ndiyo inakuwa lenzi. Kompyuta tuliichaji mchana kwa sola. Na kabla ya yote tuliomba ruhusa kwa wakubwa wa kambi, maana kutoa bomba usiku na kulielekeza mpakani, wakati kama ule, si mchezo.

Usiku wa kwanza tulishindwa vibaya. Tuliwaita watoto, tukawasha, na kwenye skrini ikatokea duara nyeupe kubwa, inatetemeka, inatoa miali pande zote. Yule mtoto akasema polepole:

"Munaona? Iko taa."

Wakakimbia ndani wote. Tulibaki pale na darubini yetu kama wajinga. Tulikuwa tumewaongezea woga kwa mikono yetu. Mama mmoja aliyepita akatuambia, "Munapiga picha ya nyota, na sisi tunakosa makala ya kupikia." Hatukuwa na jibu. Alikuwa anasema kweli.

Tulikaa tukatafuta kosa. Zuhura inang'aa sana, na webukamu, ikiachiwa ijipangie mwanga, inaona giza kila mahali, inajifungua kabisa. Kinachong'aa kinajaa mpaka kinapoteza umbo. Dawa ni kuzima ile hali ya kujipangia, halafu kushusha mwanga kwa mkono, kushusha, kushusha, mpaka anga yote iwe nyeusi na sayari ibaki peke yake.

Usiku wa pili hatukumwita mtoto yeyote. Tulishusha mwanga, na ile duara ikaanza kukatika upande mmoja. Kumbe si duara. Ilikuwa mwezi mdogo, mwandamo kabisa, ukubwa wa punje ya haragwe kwenye skrini. Tulinyamaza.

Dunia inazunguka, kwa hiyo sayari haikai kwenye picha. Inapita kutoka ukingo mmoja hadi mwingine chini ya dakika moja, na sisi hatuna mota, tunasukuma kwa kidole. Tukarekodi video ya sekunde 25. Kila sekunde ina picha 30, jumla 750. Nyingi zimeharibika kwa sababu hewa inatikisika, kama kuangalia jiwe chini ya maji. Programu ya bure inayoitwa RegiStax inachagua zile zilizotulia na kuzipanga moja juu ya nyingine, na picha inasafika. Tulichukua 200 nzuri.

Kesho yake jioni mtoto alikuja kwa sababu mama yake alimvuta. Akaangalia skrini, akaangalia magharibi, akarudi kwenye skrini.

"Kwa nini imekatwa?"

Tukampa tochi, sisi tukashika chungwa. Tochi ni jua, chungwa ni Zuhura. Akazunguka mwenyewe mpaka akaona chungwa likibaki na ukanda mwembamba wa mwanga. Tukamwambia ile haina taa yake, inamulikwa na jua tu, na kwamba Galileo aliona mwezi huo huo kwa darubini yake mwaka 1610, kabla ya droni yoyote.

"Kwa hiyo haituangalie?"

"Haituangalii. Sisi ndio tunaiangalia."

Baadaye tuligeuza darubini kaskazini, juu, kwenye Mshtarii, na watoto wakahesabu miezi yake. Wengine walibishana. Kelele zilikuwa nzuri.

Siku chache zikapita. Yule mama wa mtoto alitukuta kwenye bomba la maji akatuonyesha ndoo.

"Nimeirudisha kwa maji," akasema. Hakuongeza kitu.

Baadaye familia yake ikahamishiwa kambi ya Mahama, wilaya ya Kirehe, karibu na Tanzania. Kabla ya basi kuondoka tulimwambia mtoto jambo moja, ili asije akafikiri tulimdanganya: mwezi wa tatu ile taa itapotea jioni. Haijaanguka, haijalipuka. Inapita kati yetu na jua, halafu itatokea upande mwingine, alfajiri, mashariki.

Mwezi wa nne simu ya mama yake ilituma ujumbe wa sauti. Ilikuwa sauti ya mtoto, amevuta pumzi kama aliyekimbia:

"Yaya, nimeamka mbele ya watu wote. Iko huku."

Makala bado ni shida, hatusemi uongo. Lakini kama mahali ulipo kuna mtoto anayeogopa anga, na una webukamu iliyokufa kazi, tuandikie. Tutakufundisha kukata bomba. Na ukumbuke kushusha mwanga kwanza, kabla hujawaita watoto.