Sekunde Nilizomsingizia Mzee

Nilimsingizia mzee wa watu. Niliandika kwenye ripoti kwamba programu yake ya kukokotoa riba ndiyo iliyochelewesha kazi za usiku kwenye meinfremu yetu. Haikuwa kweli.

Programu kuu, ya COBOL, iliiita programu ya mzee kwa kila akaunti. Nilisoma saa kwa CURRENT-DATE kabla ya CALL, nikaisoma tena baada yake, kisha nikajumlisha tofauti za usiku mzima. Jumla ilikuwa kubwa, nami nikaamini kila sekunde ililiwa na programu iliyoitwa. Kumbe saa ile inaishia kwenye sehemu ya mia ya sekunde, tena inahesabu hata muda ambao kazi imekaa ikisubiri diski, au prosesa iliyoshikwa na kazi nyingine. Basi la Hale kwenda Tanga likisimama Muheza kungoja abiria, dakika hizo humhesabii dereva kuwa mwendo. Nililijua hilo. Sikulizingatia.

Ilinipasa pia kumfikiria mwandishi. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na mzee alijifunza kazi katika miaka iliyofuata, mashine zikiwa chache. Watu wa rika lake hawakuchezea muda wa mashine.

Tuliiandika upya programu yake. Usiku haukufupika. Ndipo nikahamishia kipimo ndani ya programu, kwenye mstari wa kwanza na kabla ya GOBACK inayorudi kwenye programu kuu, safari hii nikipima muda wa prosesa kwa TIMEUSED. Hakukuwa na kitu cha maana. Nikarudi kwenye programu kuu, nikasoma kinachofuata CALL. Palikuwa na CANCEL. Niliutazama mstari ule kwa muda mrefu. Kila akaunti ilipomalizika, programu iliondolewa kwenye kumbukumbu, na kwa akaunti iliyofuata ikapakiwa upya kutoka maktaba. Nilikuwa nimepima upakiaji. Na mstari wenyewe ulikuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo, kwa sababu kipimo changu cha pili nilikiandika juu yake. Nawe ukitumwa kupima, anzia ndani ya programu iliyoitwa, kisha utoke nje.

Kosa langu liligharimu miezi ya kazi ya wenzangu, senti za riba ambazo programu mpya ilizikosea zikabidi kusahihishwa akaunti kwa akaunti, na jina la mtu.

Mzee alikuwa amestaafu na kurudi kwao Hale, jirani na kituo cha umeme wa maji kilichojengwa miaka ya 1960. Nilimfuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza bila kuzunguka. Akauliza jambo moja tu: "Ulipimia ndani au nje?"

"Nje, mzee."

Akanyamaza. Kisha akaniagiza nikaisahihishe ripoti mbele ya watu walewale walioisikia ya kwanza.

Nimeisahihisha. CANCEL imefutwa, na programu yake imerudishwa kazini kama alivyoiandika.