Kabla Mnunuzi Hajaleta Fundi Wake

Njoro, Januari

Mwanangu mpendwa,

Huku jua ni kali na mahindi tumeshayaingiza ghalani. Nimesikia mmepata mtu anayeitaka nyumba ya Kiamunyi, hapo Nakuru, na kwamba rangi umeshanunua. Hiyo rangi iweke kando kwanza. Nataka tuzungumze kuhusu ule ufa wa chumba cha kulia.

Utaniambia watu huangalia geti na vigae, wakakubaliana bei. Zamani, labda. Siku hizi anayenunua kwa mkopo hutumiwa mthamini na benki yake, na mwenye pesa zake mkononi huja na fundi anayemwamini. Baadaye hata mthamini wa serikali anaweza kufika, kwa sababu ya ushuru wa stempu, ile asilimia 4 ambayo mnunuzi hulipia ardhi ya mjini. Watu hawa wakikuta ukuta mmoja umepakwa rangi mpya na nyingine zimeachwa, huo mmoja ndio wanaougonga kwa vidole. Na akishagundua kwamba ulimficha ufa, mnunuzi hatakuamini tena kwa habari ya paa, wala tangi, wala hata hati.

Tena ufa wa Nakuru haufanani na ufa wa kwingine. Mji wetu umekaa juu ya jivu na mawe mepesi yaliyotapikwa na volkano, Menengai ikiwa jirani yetu, na ardhi yenyewe imepasuliwa tangu kale na Bonde la Ufa. Maji yakipenya kwa wingi chini kwa chini, huondoka na chembe za jivu hilo kidogo kidogo, pakabaki uwazi. Juu unaona nyasi tu, mpaka siku panapodidimia. Unakumbuka Machi 2018, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilivyokatika ardhi ilipopasuka. Kila mnunuzi wa huku anaikumbuka pia, na akiona ufa atauliza habari za ardhi kabla ya kuuliza habari za ukuta.

Ufa mwembamba kama uzi, ulioishia kwenye plasta, haumsumbui mtu. Wenu niliutazama vizuri Krismasi. Unaanzia kwenye kona ya dirisha, unateremka ngazi kwa ngazi ukifuata viungo vya mawe, na pale juu sarafu inaingia. Chukua penseli, weka alama ncha yake inapoishia, uandike tarehe pembeni. Pima upana wake sehemu kadhaa kwa rula na uandike palepale ukutani. Kisha mwite mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, akuandikie ripoti. Fundi wa plasta asiuguse kabla ya hapo. Ukiwa na ripoti na alama zako za penseli, mnunuzi ataweza kujua kama ufa umetulia au bado unatembea. Bei huenda ikashuka, sikatai. Lakini mtu huyo atalaza watoto wake ndani ya nyumba hiyo, nami sitaki nyumba aliyoijenga kaka yangu imdanganye mtu.

Sasa toka nje, usimame upande uleule wa ukuta, uinue macho. Gata hapo limejaa vumbi na majani ya mgrevilea, limelegea katikati, na maji hayafiki kwenye bomba la kuteremshia. Yanamwagika pale msingini. Uliona lile tope lililorukia ukuta, kimo cha goti? Ni maji ya paa hayo, mvua baada ya mvua, na shimo la maji taka nalo liko karibu. Mhandisi ndiye atakayesema, lakini mimi ningeanza hapo: gata lizibuliwe na kukazwa, maji yapelekwe mbali na msingi, shimo lifunuliwe tujue kama limejaa. Mvua za Machi zisikute hali hiyo.

Gata hilo lina kazi nyingine: ndilo la kujaza tangi la maji ya mvua. Maji mengi ya visima virefu vya Bonde la Ufa yana floridi kupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, ndiyo maana meno ya wengi wetu yamekuwa ya kahawia. Kuyachemsha hakuiondoi. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilitengeneza machujio ya mkaa wa mifupa kwa sababu hiyohiyo. Basi osha tangi hilo, na yale ya kisima yapeleke maabara. Mama mwenye watoto wadogo atakuuliza hilo kabla ya kuuliza habari za jikoni.

Makaratasi utayamaliza na wakili, lakini usingoje aulize. Hati umeshaibadilisha jina baada ya mirathi, tunashukuru Mungu. Lipa kodi ya ardhi ya kaunti upate cheti chake. Mkeo aandike ridhaa yake, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka hivyo. Kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, inakuhusu wewe muuzaji, ila nyumba ambayo mwenyewe ameishi humo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza ina msamaha wake. Mwulize wakili mapema. Ile nyumba ndogo ya nyuma, tafuta ramani yake iliyoidhinishwa. Isipoonekana, mwambie mnunuzi kabla fundi wake hajauliza. Na bikoni za ploti zifukuliwe zionekane, ile ya karibu na ua imezikwa na nyasi.

Siku wanayokuja mnunuzi na fundi wake, tokeni za stima ziwepo, tangi lijae, mbwa afungwe. Wape funguo zote, hata za stoo, na usiwafuate chumba kwa chumba.

Fundi wa gata nimeshaongea naye, atakuja kwenu Jumatatu asubuhi. Malipo yake niachie mimi. Wewe tafuta ngazi, ile ya jirani haifiki paani.

Ni mimi,
Shangazi yako